Mgongo Hauponi kwa Kununuliwa Mashine

Kama kuna mwenye maumivu, basi ajue leo nimemfikiria yeye kwanza. Mwezi huu nimeona tuweke pembeni kidogo mambo ya wivu na simu za usiku, tuongelee kitu kinachovuruga nyumba nyingi kimya kimya bila mtu kukitaja. Nacho ni mgongo.

Usicheke mwenzangu. Hebu fikiria ni mara ngapi umesikia, au umesema mwenyewe, "leo mgongo unaniuma". Mke akisema hivyo, bwana anaona kapigwa chenga. Mume akisema, mke anaanza kujiuliza hizo nguvu kazimalizia wapi. Kumbe masikini ya Mungu mtu anaumwa kweli, tena anaumwa kitu ambacho hakionekani. Hakuna bandeji, hakuna uvimbe, hakuna homa. Anayeumwa anachoka kujieleza, anayesikiliza anachoka kusikiliza, na kitanda kinakuwa na mpaka katikati kama wa nchi na nchi.

Na hayuko peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na ikifika mwaka 2050 wanaweza kufika milioni 843. Hakuna ugonjwa mwingine unaowafanya watu wengi kiasi hicho washindwe kufanya shughuli zao. Kwa hiyo si uvivu, si uzee, na wala si kurogwa na jirani.

Sasa hapo ndo biashara ilipoingia. Siku hizi ukifungua simu unakutana na mashine ya kunyoosha mgongo, mpira wa mazoezi, rola, mkanda wa kiunoni na meza ya kukuning'iniza kichwa chini miguu juu kama popo. Kila muuzaji anaapa kuwa chake ndo dawa. Mtu anajibana miezi mitatu, ananunua, kinatumika wiki mbili, halafu kinahamia pembeni ya kabati. Mimi nimeingia nyumba nyingi hapa mjini, na nawaambieni ukweli, mashine ya kukimbilia ni chombo kizuri sana cha kuanikia taulo!

Hivyo leo tuelewane, kipi kati ya vifaa hivi kinasaidia kweli, kinatumikaje, na kipi ni cha kukiogopa. Maana hela ni yako na mgongo ni wako.

Kwanza tuujue huo mgongo

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili, na kati ya pingili na pingili kuna kisahani laini ambacho madaktari wanakiita diski. Kwa mtu mzima, diski haina mishipa yake ya damu ya kutosha. Chakula chake inakinyonya pembeni, na kusogea kwako kunaisaidia, kama sponji inavyobanwa na kuachiwa. Ukikaa kwenye kiti saa nane bila kunyanyuka, ujue na yenyewe imekaa tu.

Usiku ukilala diski zinavuta maji na kuvimba kidogo, ndo maana asubuhi mtu anakuwa mrefu kwa sentimita moja hivi kuliko jioni. Hii si hadithi, chukua futi ujipime. Lakini maana yake pia ni kwamba mara tu ukitoka kitandani mgongo umekakamaa, na huo si wakati wa kujikunja mpaka kichwa kiguse magoti. Amka, oga, kunywa chai, tembea tembea. Kujinyoosha kwa kuinama kuje baadaye, angalau saa moja baada ya kuamka.

Halafu kuna hili la picha. Mtu anapigwa picha ya mgongo, anaambiwa diski imechakaa, anarudi nyumbani analia kama kahukumiwa kifungo. Jamani, mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu wasio na maumivu yoyote kabisa. Hata kwa wenye miaka 20, watu 37 kati ya 100 walionekana diski zao zimeanza kuchakaa, na kwa wenye miaka 80 ni 96 kati ya 100. Yaani kuchakaa kwa diski ni kama mvi. Wapo wenye mvi wanaoumwa kichwa, lakini si mvi zinazowauma.

Kulala si dawa

Bibi zetu walituambia ukiumwa mgongo ulale chini kwenye mkeka, usinyanyuke. Kwa nia njema kabisa. Ila mwaka 1995 kule Helsinki, Finland, wafanyakazi wa manispaa waliokuwa wametoka kubanwa na mgongo waligawanywa makundi matatu. Kundi moja liliambiwa lilale siku mbili, la pili lilipewa mazoezi ya kunyoosha mgongo, la tatu likaambiwa liendelee na shughuli za kawaida kadiri maumivu yatakavyoruhusu. Waliopona haraka ni hao wa tatu, na waliochelewa kuliko wote ni wale waliolala.

Umeona hapo? Hata mazoezi, siku zile za mwanzo kabisa mgongo ukiwa moto, hayakuwashinda wale waliojiendea na shughuli zao taratibu. Hivyo mgongo ukikukamata leo, usikimbilie kuruka juu ya mpira leo leo. Tembea nyumbani, badilisha mkao kila baada ya muda, jipashe kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye taulo. Kujinyoosha kwa ratiba na kujenga nguvu kuanze makali yakipungua, au kama wewe ni yule ambaye maumivu yamekaa miezi mitatu na zaidi. Hapo ndo vifaa vina kazi.

Kipi kinafaa, na kwa nani

*Mpira mkubwa wa mazoezi.* Huu ndo ninaoupenda kuliko vyote, na bei yake haiumizi sana. Ulianza kutengenezwa Italia mwaka 1963, wataalamu wa viungo wa Uswisi wakaudaka, na mpaka leo unatumika hospitalini. Ukubwa unaochagua ni muhimu. Ukikaa juu yake nyayo zote ziguse chini, na mapaja yalale sawa au magoti yawe chini kidogo ya nyonga. Kwa wengi wetu wenye urefu wa kawaida wa sentimita 55 unatosha, warefu wachukue wa 65.

Kunyoosha mgongo kwa mpira, piga magoti chini, weka mikono juu ya mpira, usukume mbele polepole huku makalio yakirudi nyuma kuelekea visigino. Utasikia mgongo unafunguka kuanzia kwapani mpaka kiunoni. Hesabu sekunde 20, rudi, rudia mara 3. Tahadhari moja tu, nyumba zetu zina vigae, na vigae na mpira ni maadui. Weka mkeka wa raba au zulia, kaa karibu na ukuta, na watoto wasiwe wanacheza hapo. Na usije ukaugeuza kuwa kiti cha ofisini cha kutwa nzima, mgongo unachoka vilevile.

*Mkanda wa raba.* Ule unaovutika. Lala chali, pitisha mkanda kwenye unyayo, nyanyua mguu mmoja ukiwa umenyooka kadiri unavyoweza, mwingine ukunje goti. Vuta taratibu mpaka nyuma ya paja pakaze bila kuuma. Sekunde 20 mpaka 30, mara 2 kila mguu. Misuli ya nyuma ya paja ikikaza inavuta nyonga, na nyonga ikivutwa kiuno kinalipa. Kama huna mkanda, usitoke kwenda dukani. Kunja kanga yako iwe ndefu, kazi ni ileile. Kanga tumeibebea watoto, tumejifunga kiunoni tukicheza ngoma, itashindwaje kunyoosha mguu?

Ila kama ukinyanyua mguu maumivu yanachoma kama umeme kutoka kwenye kalio mpaka chini ya goti, acha zoezi hilo. Hapo kinachovutwa ni mshipa wa fahamu wenyewe, na kuuvuta kwa nguvu ni kuuchokoza.

*Chuma cha mlangoni.* Kile cha kujining'iniza. Usinyanyue miguu yote hewani. Shika chuma, acha vidole vya miguu viguse chini, legeza kiuno, pumua mara 5, basi. Inapendeza hasa kwa aliyekaa kwenye foleni saa mbili. Lakini hakikisha fremu ya mlango ni imara, manake milango mingine imeshikiliwa na rangi tu. Mwenye bega bovu asiguse.

*Rola ya sponji ngumu.* Hii ni ya mgongo wa juu, mapaja na makalio. Lala juu yake ikiwa chini ya mabega, shikilia kichwa kwa mikono, jisogeze taratibu juu na chini. Mgongo wa chini usiukandamize nayo, hapo hakuna mbavu za kuushikilia. Kwa makalio yaliyokaza, mpira mdogo wa tenisi unatosha. Uegemee ukutani, zunguka zunguka dakika moja. Utasikia raha mpaka ujishangae.

*Baiskeli ya mazoezi.* Ni nzuri kwa watu wazima wenye umri mkubwa, wale ambao wakisimama au kutembea sana miguu inakuwa mizito na kuuma, halafu wakiinama au kukaa wanapata nafuu. Kwa mtu kama huyo njia ya mishipa kwenye uti inakuwa imebana, na kuinama mbele kidogo kwenye baiskeli kunaifungua. Lakini wewe ambaye ofisini unakaa kutwa na kuinama ndiko kunakokuumiza, baiskeli inaweza kukuongezea. Ukiwa nayo tayari, nyanyua usukani ukae wima.

*Mashine ya kukimbilia.* Toa taulo, utembee. Sikusema ukimbie. Mwaka 2024 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya watu 701 ambao walikuwa wametoka kupona mgongo. Nusu yao walifundishwa na mtaalamu wa viungo jinsi ya kujenga mazoea ya kutembea kidogo kidogo, lengo likiwa dakika 30 mara 5 kwa wiki. Kwa kipimo cha katikati, waliotembea walikaa siku 208 kabla mgongo haujarudi, na wale wengine siku 112. Karibu mara mbili! Na ule mtaa wako wa nyuma ni bure, hauhitaji umeme.

*Meza ya kuning'inia kichwa chini.* Hapa naomba mnisikilize vizuri. Kuna wanaopata nafuu wakiwa wamening'inia, siwabishii. Tatizo ni kwamba ukishuka uzito unarudi palepale. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini, na kuvutwa mgongo kwa vifaa kumo kwenye orodha ya tiba lisizozishauri. Mkanda wa kiunoni nao umo kwenye orodha hiyohiyo. Ukiwa kichwa chini, damu inapanda, presha ya mwili na ya macho inapanda. Mwenye presha, mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye presha ya macho, aliyewahi kupata kiharusi, mjamzito, nawaombeni sana msipande kile kitu. Na nyie wengine msikipande mkiwa peke yenu nyumbani. Nani atakushusha?

Mwongozo huohuo unayapa nafasi mazoezi yenye mpangilio, elimu ya kujihudumia, na hata kukandwa. Kwa hiyo mashine ya kutetemesha misuli kama unayo, itumie ujisikie vizuri, halafu nyanyuka ufanye mazoezi.

Mgongo wako unapenda nini?

Wapo ambao kuinama ni sumu na kujikunja nyuma ni asali, na wapo kinyume chake. Mwaka 1956 huko Wellington, New Zealand, mtaalamu wa viungo Robin McKenzie alikuwa na mgonjwa ambaye maumivu yalimshuka mguuni na hakuwa akipona. Siku moja mgonjwa yule alilala kifudifudi kwenye kitanda ambacho upande mmoja ulikuwa umeachwa umenyanyuliwa, akawa amejikunja nyuma bila kukusudiwa. McKenzie alipomkuta aliingiwa na hofu. Mgonjwa akamwambia mguu hauumi tena. Kutoka hapo ukazaliwa utaratibu unaotumika dunia nzima mpaka leo.

Jaribu hivi. Lala kifudifudi juu ya mkeka dakika 2. Halafu egemea viwiko dakika 2. Kisha weka viganja chini, nyoosha mikono taratibu ukinyanyua kifua huku nyonga zikibaki chini. Fanya mara 10. Sasa sikiliza mwili. Kama maumivu yaliyokuwa mguuni yanapanda na kubaki kiunoni, hata kiuno kikiuma kidogo zaidi, hiyo ni ishara nzuri. Kama yanashuka zaidi kuelekea unyayoni, acha mara moja.

Wewe ambaye hilo linakuumiza, lala chali, kumbatia magoti kifuani moja moja, sekunde 20. Kila mtu na asali yake.

Dakika 15 zinatosha

Watu wananiuliza, nifanye saa ngapi? Jibu langu, fanya pale utakapofanya kila siku. Dakika 15 mara 5 kwa wiki zinaishinda saa nzima ya Jumamosi ambayo Jumapili unatembea kama umepigwa. Ratiba ninayoipendekeza ni hii:

Dakika 3 za kutembea palepale ulipo, magoti yakipanda. Kisha lala chali, magoti yamekunjwa, yapeleke kushoto na kulia polepole mara 10. Halafu mguu na kanga, mpira wa kusukuma mbele, na lile la kifudifudi kama linakupa nafuu. Mwisho malizia na nguvu, kwa sababu mgongo ulionyooshwa bila nguvu ni kama hema lenye nguzo moja. Lala chali ukunje magoti, nyanyua makalio mara 10. Halafu piga magoti na mikono chini, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto kwa pamoja, hesabu mpaka 8, badilisha. Mara 6 kila upande.

Na maumivu je? Yape alama kutoka 0 mpaka 10. Yakiwa 3 au 4 wakati wa zoezi na kesho asubuhi yamerudi kawaida, uko sawa, endelea. Yakizidi hapo, punguza. Usisubiri siku ambayo hakuna maumivu kabisa ndo uanze, utasubiri sana.

Halafu mazoezi ya asubuhi usiyafute mchana. Kina dada, ile kufua kwa kuinamia beseni lililo chini, ukiwa umekunjika kama herufi ya U, inaumiza kuliko kazi yoyote. Weka beseni juu ya meza au kaa kwenye kigoda. Fagio fupi lifungie mpini mrefu. Ndoo ya maji isogeze karibu na mwili, kunja magoti, ndo unyanyue. Kina kaka, ile pochi nene kwenye mfuko wa nyuma mnayoikalia kutwa, itoeni. Hamna hela kiasi hicho!

Sasa nyie wawili

Hapa ndo hasa nilipotaka kufika. Kuna rafiki yangu anayeishi Tabata, mumewe ni mhasibu. Mgongo ulipomzidi bwana, akahamia kulala kwenye kochi la sebuleni kwa sababu godoro lao lilikuwa limebonyea katikati. Hakusema sababu. Mwanaume akiumwa mgongo anaona kama anakiri kaisha. Mwezi wa kwanza mke akavumilia, wa pili akaanza kupekua simu, wa tatu akaanza kupanga nguo zake. Bwana naye kimya kimya kanunua ile meza ya kuning'inia, kaificha kwa mdogo wake, anaenda huko kila jioni. Sasa fikiria mwanamke anajua nini? Mume halali chumbani, na jioni anapotea saa mbili. Kasheshe iliyotokea siku hiyo nisiieleze hapa.

Walichokosa hawa si kifaa. Walikosa sentensi moja ya "mke wangu, mgongo unaniuma, na naogopa". Walipokaa chini wakaongea, wakaenda pamoja kwa mtaalamu wa fiziotherapia, akampa mazoezi manne tu. Leo mkeka wanautandika sebuleni baada ya taarifa ya habari, yeye anajinyoosha, mke naye anajinyoosha, watoto wanawapanda mgongoni. Maumivu hayajaisha yote. Lakini chumbani amerudi.

Mwenza wa mgonjwa ana makosa mawili ya kuyakwepa. La kwanza ni dharau, "kila siku wewe mgongo, mgongo". La pili ni huruma iliyopitiliza, "usishike hicho, lala, nitafanya mimi". Hii ya pili inaonekana ni mapenzi, na ni mapenzi kweli, ila inamfundisha mwenzako kuogopa kusogea. Badala yake mwambie, "twende tukatembee mpaka dukani". Shika mkono wake. Mtatembea, mtaongea, na mgongo utapata dozi yake.

Na lile jambo la chumbani, watu wazima tuongee. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Canada, waliupima mgongo wa wanandoa wakiwa kwenye tendo. Zamani kila mwenye mgongo aliambiwa alale ubavu tu, mmoja nyuma ya mwenzake. Ikaonekana mkao mmoja haumfai kila mtu. Ambaye kuinama kunamuumiza anahitaji mkao unaouacha mgongo na mkunjo wake wa asili, na ambaye kujikunja nyuma kunamuumiza anahitaji kinyume chake. Kanuni mbili tu: mwenye maumivu asiwe mfanya kazi mkuu, na kinachosogea kiwe nyonga badala ya kiuno. Mto mdogo chini ya kiuno unasaidia wengi. Na mwenzio akisema "hapo panauma", hajakukataa wewe, amekuelekeza. Kuna wanandoa wangapi wanaopata maelekezo?

Hapa usijinyooshe, kimbia hospitali

Kwa watu wengi sana mgongo unaouma hauna kitu cha kutisha ndani yake. Lakini wachache wanao, na kwa hao mpira na mkeka ni kupoteza muda.

Ukipata ganzi sehemu ya makalio na katikati ya mapaja, pale unapokalia tandiko la baiskeli, au mkojo umegoma kutoka, au unatoka wenyewe, au haja kubwa huizuii, au miguu yote miwili inaishiwa nguvu, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Mishipa ya fahamu imebanwa na inahesabu saa. Wengi wanaona aibu kusema habari za mkojo mbele ya mume au mke, wanasubiri asubuhi, na asubuhi hiyo inaweza kuwagharimu kutembea kwao.

Ukiwa na homa, jasho jingi usiku, unakonda bila sababu, au ulikuwa na kikohozi cha muda mrefu, kapime. Kifua kikuu hakikai kifuani tu, kinaweza kula pingili za mgongo. Daktari wa Uingereza Percivall Pott alieleza mgongo wa namna hiyo mwaka 1779, na mpaka leo bado tunao katika nchi zetu. Kinatibika kwa dawa kikigundulika mapema. Aliyewahi kuwa na saratani, hasa ya matiti au tezi dume, aliyeanguka au kupata ajali, mtoto mdogo anayelalamika mgongo, na yule ambaye maumivu hayapungui hata akilala vipi, wote hao waonwe na daktari kabla ya kununua kifaa chochote. Huduma ya fiziotherapia ipo kwenye hospitali zetu kubwa, Muhimbili, KCMC, Bugando na nyinginezo. Mwone mtaalamu mara chache akufundishe, halafu ukaendelee nyumbani.

Basi wapenzi wangu, kabla hujatoa hela mwezi huu, fanya hili. Tandika mkeka leo, chukua kanga, mwite mwenzako, mfanye dakika 15. Fanyeni hivyo wiki mbili. Mkizimaliza, nendeni mkanunue mpira, mmeustahili. Mkishindwa kuzimaliza, hela yenu imepona, na taulo zenu zitaendelea kuanikwa kwenye kamba kama kawaida.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia uzima, tutazungumzia wakwe wanaokuja kutembea wiki moja wakakaa miezi sita. Nao wanaumiza, ila si mgongo. Nawapenda wote!